Hodi Kwenye Gari Tupu

Ujumbe wa Wanjohi ulinikuta kwenye maegesho ya chini ya jengo letu pale Jumeirah Lake Towers, saa nne asubuhi, nikimsubiri dereva wangu mmoja alete funguo za basi la wafanyakazi. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari langu, kiyoyozi kinapuliza, injini kimya. Ni gari la haibridi, lile linalotumia betri na petroli kwa kupokezana, na likisimama hulisikii kabisa mpaka lenyewe liamue kuwasha injini. Wanjohi haandiki siku hizi, vidole vyake havitulii. Anatuma sauti, nayo huja kwa vituo: neno, pumziko, neno jingine. "Ticha," alisema, "Nalongo ametuacha. Ni juzi, huko kwao Masaka. Binti yake ndiye alinipigia." Nikadhani amemaliza. Kisha akaendelea: "Ticha, kuna kitu nimetaka kukuuliza miaka hii yote, lakini Nalongo akiwa hai niliona si vizuri. Ile siku ya ile gari. Mlisikia injini, ama hamkusikia?" Hapo ndipo injini ya gari langu ilipojiwasha, kwa ule mtetemo mdogo unaopanda miguuni, nami nikageuka kutazama kiti cha nyuma. Huwa nageuka kila mara. Madereva wangu wameshaniona na wananicheka chinichini, na sijawahi kuwaeleza kwa nini.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na saba, na hakuna kitu nilichopenda kama kuwaeleza watu mambo. Nilikuwa mwalimu msaidizi wa kuendesha gari kwenye theluji, hapa hapa Dubai. Nikisema hivyo leo watu wanadhani natania. Lakini ilikuwepo kampuni moja, imeshafungwa siku nyingi, iliyokodi ghala nyuma ya Al Barsha, ikalivisha kuta nene kama za chumba cha kugandishia nyama, ikapanga juu ya paa mashine za baridi zilizonguruma mchana kutwa. Ndani mlikuwa na barabara ya mviringo, kilima kidogo, njia panda moja yenye taa, na mitambo ya kupuliza theluji iliyoning'inia darini. Waliokuja kujifunza walikuwa madereva wa Afrika Mashariki waliopata mikataba ya kazi kwenye nchi za baridi, wengi wao wakiwa wameendesha hapa miaka mitano au sita bila kuona hata mvua ya maana. Walikaa nasi siku kumi, kisha wakapanda ndege. Mwalimu mkuu tulimwita Sir, mzee wa Kizungu aliyekulia kwenye baridi hiyohiyo, Kiswahili hajui hata salamu, kwa hiyo kila alichosema yeye nilikisema tena mimi. Kazi niliipata kwa sababu kwenye usaili nilimwambia kwamba kwetu Makete kuna asubuhi tunaamka na kukuta nyasi nyeupe kwa sakitu. Alicheka sana, akaniajiri.

Nakumbuka mlango wa ukumbi ule kuliko kitu kingine chochote. Ulitoka kwenye jua linalochoma hata kope, ukapita chumba kidogo cha makoti ya kuazima yenye harufu ya jasho la watu wengine, ukasukuma ule mlango mzito, na masikio yakaziba. Theluji inameza sauti. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia kabla. Mtu akiongea hatua kumi mbele yako unaona mdomo wake na mvuke wake, lakini maneno yanafika yamenyauka. Taa zilikuwa nyeupe na zilitoka kila upande, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kivuli. Magari yetu manne ya haibridi yakitembea kwa betri yalipita karibu na goti lako bila wewe kujua. Siku ya kwanza wanafunzi wengi walinong'ona mle ndani, bila kuambiwa wanong'one, na wengine walivua kofia kama wameingia kanisani. Mimi nilisimama katikati yao nikiongea kwa sauti kubwa, kwa sababu kunyamaza mle ndani kulinitisha na sikutaka wajue.

Niliwafundisha kwamba kwenye barafu nguvu ya betri ni kali, inafika kwenye tairi papo hapo unapogusa mafuta, kwa hiyo mguu ushuke taratibu kuliko walivyozoea. Wasishtuke wakiachia mafuta na gari likajishika lenyewe, maana hapo linachaji betri, ila kwenye utelezi mshiko huo unaweza kulizungusha. Wasipige breki katikati ya kona. Macho yatazame wanakotaka kwenda, siyo wanachoogopa kukigonga. Na kabla ya kuwasha wasafishe theluji kwenye vioo, juu ya paa, kwenye taa, na nyuma kwenye ekzosi, lile bomba la moshi. Hili la ekzosi nililisema mwisho, harakaharaka, kwa kuwa wakati huo watu walikuwa wanatetemeka na wanataka chai. Halafu lilikuwa lile jambo lililowachanganya wote: baridi inaidhoofisha betri na kuipoza injini, hivyo hata gari likiwa limesimama, injini itajiwasha ijipashe moto, itanguruma dakika chache, itazima. "Msiogope," niliwaambia. "Hakuna jini, ni petroli tu."

Neno jini halikuanzia kwangu. Lilianzia chumba cha chai, kwa Nalongo. Alikuwa mlinzi wetu wa mlango, mama wa Kiganda wa miaka hamsini na kitu, na kwao mwanamke aliyezaa mapacha huitwa Nalongo mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo jina lake jingine sikuwahi hata kuliuliza. Chumba cha chai kilipakana na ukumbi. Kilikuwa na meza moja ya plastiki, birika la umeme, maikrowevu yenye mlango uliofungwa kwa gundi ya karatasi, na dirisha dogo la kioo kizito lililotazama ndani kwenye theluji. Nusu ya kioo hicho ilikuwa na barafu siku zote. Tulikula hapo saa sita, sisi wa kazi na wanafunzi: matoke ya Nalongo, githeri ya Wanjohi, wali wangu na maharage, kila mtu akichovya kwa mwenzake. Shida ilikuwa wanafunzi. Walizoea magari ya dizeli, na kwa mtu wa dizeli gari likiwa kimya maana yake limezimwa. Basi walishuka, wakatia ufunguo mfukoni, wakaja kula, huku nyuma gari liko macho na taa yake ndogo ya kijani inawaka kwenye dashibodi. Katikati ya chakula, ndani ya ukumbi usio na mtu, injini inaunguruma na mvuke mweupe unapanda.

Mara ya kwanza Nalongo aliweka kijiko chini. "Banange," alisema. "Nani yuko humo?"

"Hakuna mtu, Nalongo."

"Gari linapumua na hakuna mtu? Ama ni jini?" Alivaa koti, akaingia. Kupitia kioo tulimwona anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, anagonga paa mara tatu. "Koodi!" akaita, ndiyo hodi ya kwao. Akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenye nyumba nafasi ya kufunga kanga vizuri, kisha akachungulia viti vya mbele, akachungulia vya nyuma, akarudi. "Hakuna mtu," alitutangazia, akaendelea kula. Na ikawa hivyo kila siku. Injini ikijiwasha, anainuka. Hata kama matoke yanapoa, hata kama ni mara tatu kwa saa moja. Nilipomuuliza hachoki, aliniambia, "Nyabo," yaani bibi kwa lugha yake, "ukiona jiko la jirani linatoa moshi na mlango umefungwa, unabisha hodi. Labda anapika, labda anaungua. Utajuaje?" Mimi nikachukua kalamu, nikachana boksi la biskuti, nikamchorea betri, injini, mabomba ya maji ya moto. Nikaeleza mwanzo mpaka mwisho mbele ya watu wote. Alisikiliza kwa heshima zote. Siku iliyofuata injini ikajiwasha, akavaa koti.

Wanjohi ndiye aliyemharibia. Alikuja kwetu kama mwanafunzi, dereva wa lori la maziwa kutoka Kinangop, huko nako ni baridi ya kutosha, na ndani ya siku tatu aliendesha kwenye barafu vizuri kuliko mimi. Viza yake ya nchi ya baridi ilichelewa, Sir akamweka abaki kuwa dereva wa kuwaonyesha wengine. Aliweza kuliteremsha gari kile kilima kwa upande, polepole, mkono mmoja kwenye usukani, na kulisimamisha mahali uliponyooshea kidole. Alikuwa mcheshi, alikuwa na pengo la meno ya mbele, na nilikuwa nampenda. Ninaliandika wazi kwa sababu wakati ule sikulisema. Alikuwa mtu wa kuondoka, nami sikutaka kuwa mtu wa kuachwa uwanja wa ndege. Basi siku moja injini ikajiwasha wakati wa chakula, Nalongo akaenda, akagonga mara tatu. "Koodi!" Na kutoka kiti cha nyuma ikaja sauti nzito, ya polepole: "Karibuuu." Nalongo alipiga kelele, akageuka kukimbia, akaanguka kifudifudi kwenye theluji. Wanjohi akachomoza kichwa dirishani anacheka mpaka machozi. Tulicheka wote kule chumba cha chai, mimi zaidi ya wote. Nalongo aliporudi hakucheka. Alikaa anajipangusa magoti, akasema, "Mmefurahi?"

Nami badala ya kumwomba radhi nikaitumia nafasi ile. Nilimwambia kwamba kila akifungua ule mlango wakati wa chakula baridi inatoka na mashine zinahangaika, na kwamba Sir hapendi. Hilo la Sir nililitunga. "Kuanzia leo ukisikia injini, uache," nilimwambia. "Mimi ndiye mwalimu hapa." Alijibu, "Sawa, nyabo." Kuanzia siku hiyo hakuinuka tena. Lakini kila injini ilipojiwasha aliacha kutafuna, akanitazama, chakula kiko shavuni, mpaka injini ilipozima. Sijui kama mtu aliyewahi kutazamwa hivyo wakati wa kula anaweza kusahau. Wiki mbili tatu za kwanza nilimtania. Baadaye nikajifunza kutazama sahani yangu.

Viza ya Wanjohi ilitoka mwanzoni mwa kiangazi kikali, wakati Sir ameenda likizo kwao na ameniachia mimi funguo zote. Zilibaki siku tisa aondoke. Alikuwa na kibarua kingine cha alfajiri kule bandari ya Al Hamriya, kuhakiki mizigo inayopakiwa kwenda Bosaso na Zanzibar, na alikataa kukiacha mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo alifika kwetu macho mekundu. Chumbani kwake Al Barsha walilala wanane na kelele haziishi. Siku moja, tukitundika makoti, aliniambia, "Ticha, mimi nataka nizoee kulala kwa baridi. Si huko nikikwama barabarani nitalala kwa gari? Afadhali nianze hapa nikiwa na wewe." Alisema akitabasamu, na lile "nikiwa na wewe" lilinifanya nitazame pembeni. Nilimjibu, "Basi ulale na soksi mbili." Mwalimu mzima wa theluji, mtu ananiambia atalala ndani ya gari, nami nikampa ushauri wa soksi.

Siku yenyewe hatukuwa na wanafunzi asubuhi. Kundi moja lilikuwa limeondoka jana yake, jingine lilikuwa linakuja alasiri. Saa sita kasorobo nilizima feni za kuvuta moshi, kama tulivyofanya kila siku wakati wa chakula ili baridi ikae ndani, nikawasha mitambo ya theluji ili kundi jipya likute barabara nyeupe, haijakanyagwa. Nilibonyeza swichi kwa mkono wangu, huu ninaoandikia. Kile kidude cha ukutani cha kunusa gesi kilikuwa kimegandamana na barafu toka Sir aondoke, na nilikuwa nimepanga kukishughulikia Jumapili. Tukakaa mezani wawili tu, mimi na Nalongo. Chombo cha githeri cha Wanjohi kilikuwa mezani, kifuniko kimefungwa. Nilikiona. Nilifikiri amekwenda kufuatilia tiketi yake, nikakisogeza kando nipate pa kuweka sukari.

Injini ilijiwasha. Nalongo akaacha kutafuna, akanitazama. "Linapumua," alisema.

"Wanjohi amesahau kulizima," nikasema. Wanjohi, ambaye hakuwahi kusahau kuzima gari hata siku moja. Nalongo alijua hilo na mimi nilijua. Injini ilizima, tukala. Ikajiwasha tena. Safari hii Nalongo aliinuka, akanyoosha mkono kuchukua koti lake kwenye msumari, nami nikamshika mkono wa shati. Sikumshika kwa nguvu. Nilimshika kama unavyomshika mtu mnayezoeana naye. "Kaa," nilimwambia. "Chai itapoa. Nimeshakueleza mara ngapi?" Hapakuwa na mwanafunzi wa kumringia, hapakuwa na Sir wa kumfurahisha. Tulikuwa sisi wawili na birika. Akakaa. Kwenye kioo theluji ilikuwa inashuka nzito, imefunika ile nusu iliyobaki, na ukumbi haukuonekana tena. Alikunywa chai yake yote. Urefu wa muda ule nimeupima mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu jikoni, na kikombe mkononi. Kikombe kimoja cha chai ya moto ni kirefu sana.

Mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine. Ilikuwa nzito na imezibwa, kama mtu anayekohoa chini ya blanketi. Nalongo hakuniomba ruhusa na hakuchukua koti. Nilimfuata nikiwa nimekasirika, niseme kweli, nikipanga maneno ya kumgombeza. Ndani theluji ilikuwa inamwagika bila sauti, na nyayo za Nalongo mbele yangu zilijaa kabla sijazifikia. Gari la tatu lilikuwa limeegeshwa chini kabisa ya mtambo, limefunikwa paa na vioo, na nyuma theluji ilikuwa imepanda mpaka juu ya bampa. Ekzosi haikuonekana. Alisimama, akagonga paa mara tatu. "Koodi!" Sauti yake haikwenda popote. Akapangusa kioo cha nyuma kwa kiganja. Kikabaki cheupe. Akapangusa tena kwa nguvu, kikabaki cheupe vilevile. Akageuka kunitazama, theluji kwenye kope zake. "Nyabo," alisema, "ukungu uko ndani." Mimi ndiye niliyemaliza madarasa yangu yote ya magari, na nilihitaji kuambiwa na Nalongo kwamba gari tupu halitoi pumzi.

Alikuwa amelala kiti cha nyuma, koti amelifanya mto, miguu ameikunja, soksi pea mbili. Uso wake ulikuwa mtulivu na midomo imekolea wekundu, alionekana mwenye afya kuliko siku yoyote niliyomwona, na hilo ndilo linalonirudia usingizini. Kwenye dashibodi taa ya kijani ilikuwa inawaka. Tulipokuwa tunamvuta kwa mabega injini ikazima yenyewe, na kimya kilichofuata nilikisikia mpaka kwenye meno. Tulimburura mpaka nje, tukamlaza kwenye zege la moto, na theluji iliyokuwa kwenye nywele zake ikawa maji, maji yakakauka, nikiwa natazama. Nalongo alimpiga mashavu, akimwita kwa jina, akimwita mwanangu, akiita "Koodi! Koodi!" usoni pake, kana kwamba mlango ni yeye. Hakuitika. Baadaye kidogo kifua kikapanda.

Aliamka hospitali siku ya tatu. Alijua jina lake na jina la mama yake, lakini wiki za karibuni zilikuwa zimefutika, na mikono yake ilitetemeka hata kushika kijiko. Daktari alieleza kwamba ni gesi ya moshi isiyo na harufu, ekzosi ilizibwa na theluji, ikarudi ndani ya gari. Kisha akauliza injini iliwaka kwa muda gani, kwa sababu kila dakika ilikuwa na maana yake. Hakuna aliyemjibu. Ndege ya Wanjohi iliondoka bila yeye. Alikuwa dereva bora wa theluji niliyewahi kumwona na mpaka leo hajawahi kuendesha kwenye theluji ya kweli hata mita moja.

Siku ya mahojiano tuliitwa ofisini, mimi na Nalongo, mbele ya watu wawili wenye mafaili, Sir yuko kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Swali lilikuwa lilelile ambalo Wanjohi ameniuliza juzi. "Mlisikia injini?" Nilijibu kwanza mimi. "No, sir," nilisema. "Mlango ni mnene." Lilitoka bila shida yoyote, kama nilivyozoea kueleza. Wakamgeukia Nalongo. Yeye hakuwatazama wao, alinitazama mimi, vilevile kama mezani, kama anayeuliza ainuke au akae. Nami nikatazama meza. "Nilikuwa nimesinzia," alisema Nalongo. Mlinzi kusinzia kazini ni khalas, hakuna mjadala. Wiki hiyohiyo viza yake ilifutwa. Mimi niliandikiwa barua ya kunipa pole.

Nilikwenda kumuaga chumbani kwao siku aliyofunga mizigo. Kulikuwa na harufu ya karanga za kukaanga, wenzake walikuwa kazini. Alikuwa amekaa juu ya begi ili zipu ikubali kufunga, nikakaa naye, uzito wetu wawili ukasaidia. Nilimuuliza kwa nini alisema amesinzia. Alishangaa swali. "Wewe ulikuwa umeshasema," alinijibu. "Mimi ningesema tulisikia, wanakufunga. Wewe ukifungwa, yule mtoto mikono yake inapona?" Nililia. Yeye hakulia, alikuwa anatafuta kufuli. Alipolipata ndipo aliposema neno la mwisho kuhusu jambo lile: "Usimwambie sasa, hana nguvu. Lakini siku akiuliza mwenyewe, nyabo, mwambie. Usimweleze. Mwambie." Wakati ule niliona maneno hayo mawili ni kitu kimoja.

Miaka yote hii nimempigia Wanjohi Krismasi na Pasaka. Nimemtumia dawa, picha, salamu kwa mama. Hakuwahi kuuliza, na kila simu ilipokatika nilishusha pumzi na nikajichukia kwa kuishusha. Basi juzi pale maegesho nilibonyeza kurekodi, na Mungu shahidi yangu, nilianza hivi: "Wanjohi, unajua gari la haibridi kwenye baridi..." Nikafuta. Nikaanza tena, nikajikuta kwenye feni na unene wa mlango. Nikafuta. Mara ya tatu nilikuwa nasimulia betri. Dereva wangu alikuwa amefika na funguo, amesimama nje ya kioo. Nilimwonyesha kwa mkono asubiri. Nikabonyeza tena.

"Koodi, Wanjohi," nilisema. "Tulisikia. Iliwaka mara tatu. Nalongo aliinuka mara ya pili, mimi nikamshika mkono nikamkalisha. Githeri yako ilikuwa mezani, niliiona. Nalongo hakusinzia. Ni mimi."

Nikatuma. Alama zikawa mbili, zikageuka bluu. Injini ya gari langu ilikuwa imezima na sikusikia kitu chochote, hata kiyoyozi. Nilikaa hivyo mpaka dereva akachoka kusimama, akaenda kuegemea nguzo. Kisha ujumbe ukaingia, wa sekunde mbili tu, nikauweka sikioni. "Karibu," alisema Wanjohi, polepole, kwa sauti ileile aliyomtania nayo Nalongo kwenye theluji, na mimi, Mungu anisamehe, niligeuka kwanza kutazama kiti cha nyuma kabla sijaanza kulia.